Kumpatia mwanafunzi kitabu cha kozi: mwongozo kutoka kaunta ya maktaba

Wiki ya tatu ya muhula ndiyo foleni inapofika mlangoni. Wahadhiri wameshagawa kazi, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakusogelea: "Shikamoo mama. Naomba kile kitabu cha uhasibu, cha bluu." Marahaba mwanangu, lakini vya bluu ninavyo rafu nzima. Haya hapa ndiyo ninayowaelekeza vijana wa mafunzo kwa vitendo wakiletwa kaunta kwangu.

Hatua ya 1: Omba muhtasari wa kozi

Jina la kitabu alilonalo kichwani limeshapita midomo mitatu kabla ya kukufikia. Muhtasari anao kwenye simu, katika kundi la WhatsApp la darasa. Aufungue hapohapo. Soma msimbo wa kozi, mwandishi, jina la kitabu na toleo, kisha tazama kama ni cha lazima au cha ziada. Wapo wanaomaliza asubuhi nzima wakisaka cha ziada, na cha lazima kimekaa nyuma ya mgongo wangu.

Hatua ya 2: Tafuta kwa maneno machache

Usichape jina zima la kitabu kwenye katalogi. Maneno mawili yasiyo ya kawaida na jina la ukoo la mwandishi yanatosha. Ikigoma, geuza majina: baadhi ya mihtasari huanza na jina la kwanza, na herufi moja iliyokosewa inatosha kompyuta ikujibu kwamba hakuna kitu. Kama ISBN ipo, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, anza nayo. Ina tarakimu 13 tangu 2007, na 10 kwa vitabu vya kabla ya hapo. Usitamke "hatuna" kabla hujajaribu njia mbili.

Hatua ya 3: Angalia nakala iko wapi

Huenda iko rafuni, imeazimwa, au imo katika akiba maalumu, yaani vile vitabu vinavyowekwa nyuma ya kaunta na kusomewa humuhumu ndani kwa muda mfupi. Hapo kuwa makini na lugha. Nilipata kumwambia kijana mmoja, "Hiki ni cha saa mbili." Akaondoka nacho, na kesho yake saa mbili kamili asubuhi yuko mlangoni anakirudisha, tena kwa fahari ya mtu aliyetunza ahadi. Kosa lilikuwa langu. Siku hizi naandika kwenye kikaratasi: "Rudisha saa 6:30 mchana, leo."

Hatua ya 4: Nenda naye rafuni

Ukimpa namba tu na kumwonyesha kidole, atarudi baada ya dakika kumi akisema hakipo. Namba za Dewey, zile zinazopanga vitabu rafuni kwa mada, humchanganya kwa sababu anazihesabu kama namba za nyumba. Usimamizi wa fedha uko 658.15, usimamizi wa rasilimali watu 658.3. Yeye anaona 15 ni kubwa kuliko 3, hivyo anatafuta mbele, wakati kitabu kiko nyuma yake. Mwambie aongeze sufuri: 658.150 na 658.300. Mara moja anaelewa, na safari ijayo hakuhitaji.

Namba zikifanana, fuateni herufi zilizo chini yake mgongoni mwa kitabu. Kwa kawaida ni za mwanzo za jina la mwandishi. Kisha pitisheni macho rafu ya juu na ya chini, meza za kusomea, na toroli la vitabu vinavyosubiri kurudishwa. Kuna na vilivyofichwa. Karibu na mitihani nimewahi kukuta vitabu vitatu vya uhasibu wa gharama kwenye 220, vimejibanza nyuma ya fafanuzi za Biblia. Aliyeviweka alijua wanafunzi wa biashara hawafiki huko.

Hatua ya 5: Kikikosekana kabisa

Mwekee jina kwenye orodha ya wanaosubiri, kisha mtafutie toleo la zamani. Fungueni yaliyomo ya matoleo yote mawili kama lile jipya linaonekana mtandaoni. Mara nyingi sura ni zilezile, ila maswali ya mwisho wa sura yamebadilishwa namba, kwa hiyo ahakikishe na wenzake kabla ya kufanya zoezi. Kwa vitabu vya kodi siruhusu njia hii bila onyo: hapa Tanzania Sheria ya Fedha hutungwa kila mwaka, na viwango vya kwenye kitabu cha miaka mitano iliyopita vinaweza kumpotezea alama. Akihitaji sura moja, apige kopi sura hiyo. Kitabu kizima hapana, hata akisema mwenye steshenari amekubali.

Hatua ya 6: Andika kwenye daftari

Tarehe, msimbo wa kozi, kitabu, na neno "amekosa". Ijumaa jumlisha. Kozi ikijirudia mara nyingi, mpigie mhadhiri na umwombe nakala yake ikae akiba maalumu hadi mwisho wa muhula. Wengi hukubali, mradi uwaandikie risiti.