Jinsi ya kuhakiki nukuu ya kiongozi kabla hujaichapa kwenye bango

Mwalimu mmoja kutoka Chamwino alikuja dukani kwangu, karibu na Nyerere Square, Dodoma, akiwa na picha ya WhatsApp: Baba wa Taifa, Julius Nyerere, maneno yake ya kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro, na chini yake "9 Desemba 1961". Alitaka bango la mita tatu la Oktoba 14. "Mwanangu, usibadili hata nukta." Nilibadili. Nilifanya hivi.

1. Iandike nukuu upya kwa mkono wako. Picha huwezi kuitafuta vizuri, na ukiitafuta utaletewa dada zake mia, udhani wingi ni ushahidi.

2. Tafuta maneno matano au sita yasiyo ya kawaida, ndani ya alama za kunukuu.

3. Jua ilisemwa kwa lugha gani. Hapa ndipo nilipokesha. Nilipekua Kiswahili hadi saa nane usiku nikitafuta hotuba ya 1961, kumbe Nyerere aliyasema kwa Kiingereza, tarehe 22 Oktoba 1959, kwenye Baraza la Kutunga Sheria, Dar es Salaam. Uhuru ulikuwa bado miaka miwili. Tena alisema *candle*, mshumaa. Mwenge ni ule aliopandisha Alexander Nyirenda kileleni usiku wa Uhuru, na watu wakaviunganisha viwili hivyo. Kwa hiyo nukuu ikiwa tafsiri, usihangaike na neno kwa neno. Linganisha maana, kisha andika "tafsiri". Tahadhari ya upande wa pili: Kiswahili kinaweza kuwa cha Nyerere na wazo lisiwe lake. Alitafsiri tamthilia ya *Juliasi Kaizari*, na maneno ya mhusika wake Bruto ni ya Shakespeare hata ukiyawekea picha ya Nyerere.

Hotuba nzima ikipatikana, isome yote, hata kama mteja amesimama mlangoni. Ile nukuu ya "hofu yetu kuu", wanayosema Mandela aliitoa akiapishwa Pretoria tarehe 10 Mei 1994, haimo kabisa kwenye hotuba ile. Ni ya Marianne Williamson, mwandishi wa Marekani, kwenye kitabu chake cha 1992.

4. Vijembe vishuku mara mbili. Kijembe kitamu hakikai bila mwenyewe. Kikikosa, hupewa mtu maarufu. Kile cha Lady Astor, mbunge wa Uingereza, kumwambia Churchill angekuwa mumewe angemtilia sumu kwenye kahawa, naye akajibu angekuwa mumewe angeinywa, kilikuwa utani wa magazetini mwanzoni mwa karne ya 20. Astor aliingia bungeni 1919, utani ukiwa tayari mzee. Cha wamisionari kutuachia Biblia wakachukua ardhi, wengine humpa Kenyatta, wengine Tutu.

Kwa wabunge wetu mimi siamini klipu. Sekunde ishirini zinatosha kumkata mtu kabla hajasema "nafuta kauli". Fungua Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, ya siku hiyo, soma kuanzia aliyezungumza kabla yake.

5. Chapa, ukiweka tarehe na mahali.

Yule mwalimu wa Chamwino aliukataa mshumaa: "Watoto wanaujua mwenge." Tukaubakiza mwenge, tukaandika 1959, na chini "tafsiri kutoka Kiingereza". Alilipa, akalalamika kwamba herufi za chini ni ndogo mno.