Wakili amekuangusha? Namna ya kulalamika hadharani bila kujitia matatani

Wanachama, maswali mengi yanayofika kwenye dawati letu la msaada wa kisheria hapa Tabora yanafanana: nilimlipa wakili, kesi imefutwa, simu hapokei, nataka nimwanike mtandaoni. Kumwanika unaweza, maadamu unachosema ni kweli. Mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili, na naamini kabisa kwamba malalamiko ya wazi yanaokoa watu. Mkulima anayetoka Sikonge au Kaliua na fedha za tumbaku, akitafuta wa kumtetea mjini, anastahili kujua nani aliwatelekeza wenzake. Ila kuna utaratibu, na anayeanzia Facebook mara nyingi hupoteza kesi huku akipata kesi nyingine.

Hatua ya 1: Tenganisha kushindwa na kuhudumiwa vibaya

Wakili anaweza kufanya kazi yake yote vizuri na hakimu bado akampa ushindi mwenzako. Huduma mbovu ni kitu kingine: kutofika mahakamani bila kukuambia, kuacha muda wa rufaa upite, kukaa na fedha zako ulizoshinda, kukatalia nyaraka zako, au kula upande wako na upande wa pili katika shauri hilohilo. Kama lako halimo humu, fikiria rufaa kabla ya lawama.

Hatua ya 2: Okoa shauri kwanza

Hapa ndipo watu wanaumia, kwa hiyo nisome polepole. Unapozunguka na hasira, siku zinahesabika. Rufaa kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ina siku 45. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ni siku 30. Shauri lako la madai likifutwa kwa sababu hukuonekana wewe wala wakili wako, maombi ya kulirudisha nayo yana siku 30. Usijipe moyo kwamba utasema "wakili wangu alizembea" ukaongezewa muda. Mahakama ya Rufani imekwisha kusema mara nyingi kwamba uzembe wa wakili, kwa kawaida, si sababu ya kutosha. Ukipata habari kwamba shauri limefutwa, siku hiyohiyo tafuta wakili mwingine au njoo dawatini. Lawama zitasubiri, muda hausubiri.

Hatua ya 3: Kusanya karatasi

Nenda masjala ya mahakama iliyosikiliza shauri lako, andika barua kuomba nakala ya mwenendo wa shauri. Kwenye mwenendo kila tarehe imeandikwa nani alifika na nani hakufika, na aliyeandika ni hakimu, si wewe. Hakuna ushahidi unaozidi huo. Weka pamoja risiti, mkataba wa huduma kama upo, meseji za muamala wa simu na mazungumzo yenu ya WhatsApp. Usifute hata yale yanayokuonyesha wewe ukiwa mkali.

Papo hapo mtafute kwa jina kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama ya Tanzania unaoonyesha mawakili walioandikishwa na kama leseni yao iko hai. Leseni ya uwakili huhuishwa kila mwaka.

Hatua ya 4: Mwandikie yeye mwenyewe

Barua fupi, ya Kiswahili, bila matusi: tulikubaliana hivi, nililipa kiasi hiki, hiki hakikufanyika, naomba maelezo na jalada langu ndani ya siku 14. Ipeleke ofisini kwake na daftari la dispachi asaini aliyepokea. Malalamiko mengine huishia hapa, kwa sababu wakili akiona saini kwenye dispachi anajua umejipanga.

Hatua ya 5: Vyombo vyenye meno

Chama cha Mawakili Tanganyika, TLS, kinapokea malalamiko ya wateja. Juu ya hapo ipo Kamati ya Mawakili iliyoundwa na Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inayoongozwa na jaji wa Mahakama Kuu. Hii inaweza kumuonya wakili, kumsimamisha kazi au kuondoa jina lake kwenye orodha ya mawakili. Malalamiko yaende kwa maandishi pamoja na kiapo, na viambatisho vile ulivyokusanya. Kiapo ni kiapo: usiapie uvumi.

Hatua ya 6: Sasa sema hadharani

Andika ulichokipata wewe, chenye karatasi nyuma yake. Mfano mzuri: "Nilimlipa wakili huyu mwezi Machi, risiti ninayo. Tarehe tatu za shauri hakufika wala hakutuma mtu, mwenendo unaonyesha. Nimemwandikia barua, hajajibu. Sikuridhika, na sitarudi kwake." Mfano wa kukuponza: "Mwizi huyu, kahongwa na upande wa pili." Je, uliona hongo ikitolewa? Kama hukuona, usiandike. Kashfa inakufikisha mahakamani kudaiwa fidia, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kusambaza taarifa za uongo kwa makusudi: faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kinga yako ni ukweli unaoweza kuuthibitisha.

Na ukipiga picha nyaraka, ziba namba za NIDA, namba za simu, majina ya watoto na ya mpinzani wako. Hao hawakukukosea.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkulima, Urambo: Shikamoo mwalimu. Mimi hatukuandikiana. Nilimpa taslimu chini ya mwembe nje ya mahakama, risiti hakunipa. Nina la kusema?

Marahaba, baba. Unalo. Nani alikuwepo? Huyo ni shahidi. Ulitoa hela kwa wakala au benki siku hiyo? Taarifa ya muamala inaonyesha. Na kama jina lake limo kwenye mwenendo kama wakili wako, hawezi kusema hakujui. Mtumie ujumbe wa kistaarabu ukitaja kiasi na tarehe. Akijibu "nitakurudishia", amekwisha kukupa risiti.

Mama, Isevya: Nimeandika kwenye grupu la ukoo tu, watu wetu wenyewe. Na hilo ni hadharani?

Ndiyo, mama. Kwenye kashfa inatosha maneno kumfikia mtu wa tatu, na grupu lina zaidi ya mmoja. Mtu mmoja akisambaza picha ya ujumbe wako, jina ni lako.

Kijana, Nzega: Nimemtafuta e-Wakili, hayupo kabisa.

Basi mdogo wangu, huenda umempata kishoka. Kamati ya Mawakili inashughulika na mawakili. Anayejifanya wakili bila kuandikishwa anatenda kosa la jinai, kwa hiyo safari yako ni polisi, na TLS uwape taarifa. Hata hivyo hakiki jina kwanza: wengine wameandikishwa kwa majina matatu, wewe unalijua moja.

Dada, Igunga: Nataka hela yangu irudi. Kamati itanilipa?

Kamati usiitegemee kwa hilo, kazi yake ni nidhamu. Hela na fidia zifungulie shauri la madai. Madai ya mkataba yana miaka 6, ila usisubiri hata mmoja.

Dada huyohuyo: Amenipigia leo, anasema nifute nilichoandika ndipo anilipe.

Dada yangu, pokea hela kwanza, kwa maandishi. Ukishalipwa, ongeza mstari chini ya maneno yako: "Amenirudishia fedha tarehe fulani." Huo ni ukweli pia na anastahili usemwe. Usisaini karatasi yoyote inayosema uliandika uongo ilhali uliandika kweli. Wala wewe usimwandikie "nilipe la sivyo nakuanika", maana sentensi hiyo atakwenda kuionyesha mahakamani. Nitumie rasimu ya makubaliano kabla hujaweka saini, nitakuwa dawatini hadi saa tisa.