Uso unaowaka si chunusi kila mara
Ndugu zangu wenye ngozi nyeusi, wekundu wa rosasea, ugonjwa wa ngozi ya uso unaoweza kudhaniwa ni chunusi, kwetu hauonekani kirahisi, unausikia. Unamaliza kikombe cha chai ya tangawizi, au umeinama juu ya jiko la mkaa, mashavu yanaanza kuwaka na kuchoma, kisha vinatoka vipele visivyo na vichwa vyeusi.

Nawasihi, msipake krimu zenye steroidi, zile za betamethasoni au klobetasoli zinazouzwa kiholela. Uso hutulia siku chache, ukiacha unaripuka vibaya zaidi. Mwone daktari wa ngozi, muulize kuhusu jeli ya metronidazoli au krimu ya ivamektini ya asilimia 1, na uipe wiki 8 hadi 12. Juani vaa kofia pana, paka losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi. Chai iache ipoe kwanza.