Mbwa wa nyumbani anachechemea nawe uko mbali: umwite daktari au usubiri?

Ilikuwa mwezi wa pili, saa kumi na moja alfajiri hapa Leeds, Uingereza, nyumbani Uyole, Mbeya, ni saa mbili asubuhi. Mama akanitumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, mbwa wako anachechemea. Lakini anakula, usiwe na wasiwasi." Nami nikaacha kuwa na wasiwasi. Siku ya tatu mguu ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko. Kipande cha chupa kilikuwa kimezama ndani ya wayo, na tope la masika limeziba tundu lake. Alipona, lakini siku zote tatu aliteseka bure, na jambo hilo bado linaniuma.

Kwanza, kula si kipimo. Mbwa aliyevunjika mfupa anaweza kumaliza bakuli zima la ugali na dagaa. Swali la kuuliza ni moja: anakanyaga? Liulize hivi: "Mama, akisimama tu, huo mguu unagusa chini?" Kama hauugusi udongo kabisa, au umening'inia, au umepinda pasipo na kiungo, au jeraha liko wazi na damu haikatiki, daktari wa mifugo aitwe leo hii. Kama anakanyaga ila kwa kuogopa, kuna nafasi ya kumkagua na kumpumzisha siku moja au mbili. Siku hizo zikiisha bila nafuu, usiongeze nyingine. Kwa mtoto wa mbwa wa miezi michache, mimi singesubiri kupita siku moja.

Mbwa aliyegongwa ana hesabu yake. Wanaoishi kandokando ya barabara kuu ya Tunduma, pale Mbalizi au Uyole, wanajua malori yasivyopumzika. Mbwa akigongwa kisha akainuka na kuchechemea hadi nyumbani, apelekwe siku hiyohiyo hata akionekana mzima, kwa sababu damu inaweza kuwa inavuja tumboni. Mwambie aliye nyumbani ainue mdomo wa juu aangalie ufizi. Ukiwa mweupe, au mbwa anahema mbiombio akiwa amelala, hakuna cha kusubiri. Alazwe juu ya ubao au gunia lililovutwa pande zote, apakiwe kwenye bajaji. Wasimfunge vijiti mguuni wenyewe, maana kamba ikikaza inakata damu.

Lakini kabla mtu yeyote hajamgusa, uliza habari za kichaa cha mbwa. Je, tabia imebadilika? Anatoa udenda, sauti imekuwa ngeni, miguu ya nyuma inalegea, anayumba badala ya kuchechemea? Aliumwa na mbwa asiyejulikana wiki au miezi iliyopita? Chanjo yake ya mwisho ilikuwa lini? Jibu lolote likikutia shaka, asishikwe wala asichunguliwe mdomo. Afungiwe peke yake, na afisa mifugo wa kata apigiwe simu. Akiwa amemng'ata mtu au kumlamba kwenye kidonda, pale palipoguswa paoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mtu huyo aende kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Ugonjwa huu dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Hapo usione haya kuwapigia simu mara kumi.

Hofu hiyo ikiondoka, omba video. Mdogo wangu nilimfundisha hivi: mbwa atembezwe taratibu kwa kamba mahali tambarare, apigwe picha akija, akienda, na kwa ubavuni. Tazama kichwa. Mguu wa mbele unaouma ukigusa chini, kichwa kinainuka. Mguu mzima ukigusa, kichwa kinashuka. Watu wengi nyumbani humtajia daktari mguu usio na tatizo kwa kutojua hili. Kisha mtu anayezoeleka na mbwa amfunge mdomo kwa kitambaa, maana hata mbwa mpole anang'ata akiguswa panapouma, aanze kupapasa kutoka kwenye vidole kwenda juu akilinganisha na mguu wa pili. Kati ya vidole ndiko kwenye mambo mengi: mwiba, kucha iliyopasuka, funza, kupe aliyejificha.

Kupe wenyewe wana kisa kingine. Mbwa anayelala karibu na zizi, leo akachechemea mguu huu, kesho ule, mwili una joto na chakula amekikataa, huenda ameambukizwa ugonjwa wa kupe. Huyo anahitaji kupimwa damu, kumpumzisha hakutamponya.

Kuna kosa moja ninalolilia sana: dawa za binadamu. Mama ana diklofenaki ya magoti yake kabatini, na kwa huruma atampa mbwa nusu kidonge. Mwambie mapema, kabla mbwa hajaumwa, kwamba diklofenaki, Brufen na Panadol zinaweza kumuua mbwa. Zinaharibu tumbo, figo, ini au damu yake. Dawa ya maumivu aitoe daktari tu.

Mbwa mzee anayeamka amekakamaa Juni na Julai, baridi ya Njombe au Mafinga ikiwa kali, kisha akalegea jua likipanda, si wa kukimbiziwa usiku. Atengenezewe kitanda cha mabanzi kilichoinuka juu ya sementi, kitandikwe gunia, na daktari amwone wiki hiyo.

Kuhusu nani aitwe: afisa mifugo wa kata ndiye wa karibu, na kwa kidonda au sindano mara nyingi anatosha. Mfupa uliovunjika unataka daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Kumuuliza kuhusu usajili wake si dharau. Ongea naye wewe mwenyewe, mpatane bei ya dawa, nauli na siku ya kurudi, umtumie fedha kwa simu. Usimwachie mama. Nimechelewa kuelewa kwamba "usiwe na wasiwasi" yake ilikuwa ya kuniokolea hela. Tangu hapo nimemwekea akiba ndogo kwenye simu, nikamwambia hii ni ya mbwa, huhitaji kuniomba.

Mwezi wa tisa alichechemea tena. Video ilikuja kabla sijaamka: mguu unagusa chini, kucha imepasuka, ufizi mwekundu. Wakamsafisha kwa maji ya chumvi, wakamfunga kivulini chini ya mparachichi. Siku ya pili jioni mama akatuma sauti nyingine, na nyuma yake nikasikia mbwa akimbwekea muuza maziwa getini.