Jinsi ya Kupanga Bei ya Haki kwa Mpigapicha wa Bidhaa Anayejitegemea

Usianze kwa kuulizia wenzako wanatoza kiasi gani, kwa kuwa hujui wao wanabeba gharama zipi. Anza na hesabu zako. Jumlisha matumizi ya mwaka mzima: pango la chumba cha kazi, umeme, intaneti, bima, ada za programu za kuhariri, kodi ya mapato, pamoja na uchakavu wa vifaa, maana hata shata ya kamera, yaani pazia linalofunguka na kujifunga kila unapopiga picha, ina kikomo cha mibofyo na siku moja itahitaji kubadilishwa. Kisha ongeza mshahara wako, ambao ni rahisi kuusahau ukidhani kwamba chochote kinachobaki ndicho chako.

Jumla hiyo igawe kwa siku unazoweza kulipwa. Ukiondoa Jumamosi na Jumapili, mwaka una siku za kazi zipatazo 260, lakini ndani yake kuna likizo, maradhi, kutafuta wateja, kuandika ankara na kufuatilia madeni. Tuseme zinabaki 120. Ikiwa jumla yako ni 24,000, kiwango cha siku ni 200, ilhali aliyegawa kwa 260 atatoza takribani 92, naye atashangaa mbona anakesha kazini na fedha hazionekani.

Wateja wengi hupenda bei ya kila picha. Wape, ila itokane na kiwango cha siku na tabia ya bidhaa yenyewe. Fulana iliyokunjwa juu ya mandharinyuma nyeupe haisumbui. Pete ya fedha ni jambo jingine: huonyesha kila chembe ya vumbi na alama ya kidole, huakisi taa, kamera na hata mpigapicha, hivyo huzungushiwa karatasi nyeupe, hupigwa mara kadhaa kwa kulenga sehemu tofauti, na picha hizo huunganishwa baadaye kwenye kompyuta. Kwa hiyo omba kuiona bidhaa kabla ya kutaja bei, na uhesabu saa za kuhariri kama saa za kazi, si kama zawadi.

Ruhusa ya matumizi itozwe peke yake. Katika nchi nyingi hakimiliki hubaki kwa mpigapicha asiyeajiriwa hadi aihamishe kwa maandishi, kwa hiyo taja picha zitatumika wapi, kwa muda gani na katika eneo gani. Picha ya duka la mtandaoni kwa mwaka 1 haiwezi kulingana na ya mabango ya barabarani, na anayetaka hakimiliki yote alipe zaidi sana.

Andikeni makubaliano yanayotaja idadi ya picha, awamu za marekebisho, malipo ya awali na fidia ya kuahirisha. Mteja akilalamikia bei, punguza idadi ya picha au muda wa matumizi. Usiguse kiwango cha siku, kwa sababu mazungumzo ya kazi ijayo yataanzia hapo.