Nunua pistoni kwanza, ndipo uchonge silinda

Wenye bodaboda wenzangu wa Tabora, hili nimelipata jana kwa fundi wa kuchonga. Ukiambiwa silinda imekula, yaani imelika kwa ndani, usiipeleke ikachongwe (ipanuliwe tundu) halafu ndiyo utafute pistoni kubwa ya kuingia humo. Nunua pistoni kwanza, umpelekee vyote pamoja. Ile 0.25 au 0.50 iliyogongwa kichwani mwa pistoni, yaani milimita ilizozidi saizi ya kiwandani, ni saizi ya jumla tu. Pistoni mbili za namba moja zinaweza kupishana kidogo, na nafasi inayotakiwa kati ya pistoni na silinda kwa pikipiki zetu ni nyembamba kuliko unywele, kama milimita 0.03 hadi 0.05. Fundi apime pistoni kwa maikromita, kile kifaa cha vipimo vidogo sana, kule chini, upande usio na tundu la pini, maana kichwani huwa ndogo zaidi, kisha achonge kufuata kipimo hicho. Ikibana, itatanuka kwa moto na kukwama njiani na abiria mgongoni. Ikilegea, utasikia inagonga asubuhi injini ikiwa baridi.

Silinda iliyokwishachongwa hadi pistoni ya 1.00 kwa kawaida haichongeki tena, badilisha. Na chujio la hewa likitoboka, vumbi letu hili litaila upya hata kama kazi ilikuwa safi.