Namna ya kurekodi gitaa la Warren Haynes ukiwa ukumbini

Mjomba wangu kule Mombasa alikuwa na redio kaseti nyeusi aliyoibeba kwenye kila arusi yenye taarab. Hakuiweka mbele ya mwimbaji wala kando ya spika. Alizunguka uwanja mzima kwanza, akisikiliza, kisha akaomba kigoda akaiweka pale alipoona fidla na sauti ya mwimbaji zimepatana. Mimi sasa naishi Carolina Kaskazini, jimbo la Marekani alikozaliwa Warren Haynes, mpiga gitaa na mwimbaji wa roki na bluzi, na kila nikienda kumrekodi naanza kama mjomba: natembea ukumbini, nasikiliza. Nimewaona watu wenye maikrofoni za maelfu ya dola wakirudi nyumbani na mvumo wa besi peke yake, kwa sababu walisimama pabaya.

Kabla ya yote, ruhusa. Haynes, aliyejiunga na bendi ya Allman Brothers Band mwaka 1989 na kuanzisha bendi ya Gov't Mule mwaka 1994, ni katika wanamuziki ambao kwa miaka mingi wamewaachia mashabiki warekodi maonyesho yao, kwa sharti kwamba rekodi zibadilishanwe bure, zisiuzwe. Desturi hii ilikuzwa na bendi ya Grateful Dead. Mwaka 1984 walianza kuwatengea warekodi sehemu yao nyuma ya meza ya fundi sauti, maana msitu wa stendi mbele ya meza ulikuwa ukimziba fundi asione jukwaa. Si kila mpiga gitaa anaruhusu. Soma masharti ya msanii mwenyewe, na akikataza, acha vifaa nyumbani ufurahie muziki. Kisha pigia simu ukumbi siku mbili tatu kabla, uulize kama stendi inaingia. Chapisha masharti ya msanii kwenye karatasi uje nayo, kwani mlinzi wa mlangoni huenda hajawahi kuyasikia, na ukimwonyesha kwa adabu mambo hulainika.

Vifaa si vingi. Maikrofoni mbili ndogo zinazofanana, za aina inayosikia zaidi mbele kuliko nyuma. Kinasa sauti chenye matundu mawili ya XLR (aina ya plagi ya maikrofoni) na uwezo wa kuzipa maikrofoni hizo umeme wa volti 48. Stendi inayopanda mita mbili na nusu, waya mbili, sponji za kufunika maikrofoni hata kama ni ndani (feni na viyoyozi huvuma), betri mpya na nyingine za akiba, utepe wa kubandika waya sakafuni ili mtu asijikwae. Kama mfuko hauruhusu, kinasa kidogo chenye maikrofoni zake juu kinatosha kabisa kuanzia. Kwenye kinasa, chagua ubora wa biti 24 na kilohezi 48. Saa moja itakula takriban gigabaiti moja, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 32 haitakuangusha.

Sasa mahali, na hapa nitakaa kidogo. Fundi sauti anachanganya muziki kwa masikio yake, akiwa pale alipo. Ukisimama karibu naye unasikia kile alichokusudia, ndiyo maana warekodi wengi hukaa nyuma yake tu. Lakini besi inayotoka spika za kushoto na kulia hukutana na kujazana kwenye mstari wa katikati ya ukumbi. Tembea hatua mbili tatu kando ya mstari huo usikie tofauti: ngoma kubwa inaacha kufunika kila kitu na gitaa linatoka. Haynes hupiga sana gitaa la Gibson Les Paul, na utamu wake umo katikati ya sauti, si juu wala chini, palepale ambapo besi iliyojaa hupaziba. Usisogee mbele mno, maana pale utapata gitaa moja kwa moja kutoka amplifaya yake na dramu kutoka jukwaani, huku sauti yake ya kuimba, inayopita kwenye spika kubwa, ikikuruka juu ya kichwa. Naye ni mwimbaji kama alivyo mpiga gitaa. Rekodi inayompoteza mmoja imewapoteza wote wawili. Kimbia baa, milango, na chini ya roshani, ambapo dari fupi hufanya muziki usikike kama umo ndani ya pipa.

Ukishapata mahali, inua maikrofoni juu ya vichwa. Miili ya watu humeza sauti nyembamba, na mazungumzo yao yako usawa wa midomo yao. Mimi hutumia mpangilio wa ORTF uliobuniwa na redio ya Ufaransa: vichwa vya maikrofoni sentimita 17 mbali, vimeelekea nje kwa nyuzi 110. Umbali huo unakaribia ule wa masikio ya binadamu, na ndiyo sababu msikilizaji mwenye hedifoni anahisi amesimama pale. Ukumbi ukiwa na mwangwi mwingi, punguza pembe hiyo, kila maikrofoni uielekeze kwenye spika ya upande wake.

Kiwango cha kuingiza sauti kiwekwe wakati kundi la kwanza linapiga, ukikumbuka kwamba mwenye onyesho karibu daima hupigiwa kwa sauti kubwa zaidi. Lenga vilele vifike desibeli 12 chini ya sifuri, yaani kikomo cha kinasa, na hata shangwe ikilipuka visipite 6 chini yake. Sauti ikigonga sifuri hupasuka, na hakuna fundi wa kuirudisha. Rekodi iliyo chini kidogo huinuliwa nyumbani bila madhara.

Na zima kabisa kile kipengele cha kurekebisha sauti chenyewe. Usiku wangu wa kwanza nilikiacha. Haynes alianza bluzi ya polepole, akipunguza gitaa hadi ukumbi mzima ukatulia kumsikiliza. Nyumbani nilikuta kwamba kinasa kiliuona ule utulivu kama kasoro, kikapandisha kila kitu: vikohozi, glasi za baa, viatu. Kisha gitaa lilipopanda, badala ya kuvimba kama nilivyolisikia, lilisukumwa chini likawa sawa na vile vikohozi. Ule mpando ndio uliokuwa wimbo wenyewe. Bado inaniuma.

Bonyeza kitufe cha kurekodi kabla taa hazijazimwa, hakikisha namba zinatembea, funga vitufe, halafu usiguse stendi. Wewe usipige makofi wala kuimba. Jirani waeleze mapema, kwa upole, kwamba unarekodi kwa ruhusa ya msanii na kwamba rekodi itakuwa ya bure kwa wote. Mzee mmoja aliyekuwa kando yangu alinyamaza seti nzima, tena akawanyamazisha wengine. Andika majina ya nyimbo kwenye daftari kadiri zinavyopigwa. Gov't Mule mara nyingi hupiga seti mbili, basi betri zibadilishwe mapumzikoni.

Nyumbani, nakili faili mara mbili kabla ya kugusa chochote, na ile ya asili usiihariri kamwe. Kwenye nakala, kata mwanzo na mwisho, inua sauti sawasawa kwa onyesho zima, tenganisha nyimbo bila kuacha pengo. Mimi huishia hapo. Programu za kuondoa kelele huondoa pia hewa ya ukumbi, na gitaa hubaki kavu. Hifadhi kwa FLAC, aina ya faili ya sauti ambayo hupunguza ukubwa bila kutupa chochote. Ukitumia MP3 kilichotupwa hakirudi. Ambatanisha faili ya maandishi: tarehe, mji, ukumbi, aina ya maikrofoni na kinasa, ulisimama wapi, ulihariri nini, nyimbo kwa mpangilio. Bila maandishi hayo, baada ya miaka kumi hakuna atakayejua anasikiliza nini.

Msanii akiruhusu, pakia kwenye Live Music Archive, sehemu ya maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive, iliyoanzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya rekodi za namna hii. Usipokee hata senti. Na kama uliwaahidi majirani, timiza: yule mzee aliniandikia anwani yake kwenye ukurasa uleule wa orodha ya nyimbo, na kiungo nilimtumia wiki hiyohiyo.